Bia ya Mjomba ina harufu ya siagi, namwambiaje?

SWALI: Habari kaka. Tuko watu sita hapa Mwanza tunatengeneza bia wenyewe majumbani, kila mwisho wa mwezi tunakutana Nyegezi kila mtu na chupa zake tunaonja. Shida kila bia inasifiwa, "iko poa", "hii kali", imeisha hiyo. Mwezi huu ya mzee mmoja, wote tunamwita Mjomba, nimesikia harufu ya siagi, ya jamaa mwingine ina kaharufu ka plasta ya kidonda. Nikanyamaza. Sijui kama ni pua yangu tu, na nitaanzaje kumwambia mtu mzima kwamba bia yake ina kasoro? Na hizo harufu zinatoka wapi?

JIBU: Salama kaka, na umeniuliza kitu ambacho kinaniuma. Kazi yangu ni kuonja bia kiwandani, miaka mingi sasa, na bado naona kumwambia mtu kuhusu bia yake ni kugumu kuliko kuionja. Kuna kijana niliwahi kumwambia mbele za watu "hii imeharibika, mwaga", na kweli ilikuwa imeharibika, lakini hakuleta chupa tena na hakuna aliyejua alikosea wapi, si yeye wala mimi.

Sasa pua yako haikudanganyi. Siagi, ile ya popcorn za sinema, ni diasetili. Chachu ikiwa inafanya kazi inaacha kitu ambacho baadaye kinageuka diasetili, halafu chachu yenyewe ikiachiwa muda inairudia na kuila. Tatizo watu wana haraka, povu likishuka tu wanaingiza ndoo kwenye friji au wanajaza chupa, chachu inalala kabla haijamaliza usafi. Mjomba aiache siku mbili tatu zaidi bila kuipoza, na hali ya hewa ya Mwanza hapo inamsaidia. Ila kama kuna siagi na uchachu na bia si angavu, hapo usihangaike na muda, ni bakteria, akague mpira wa kuhamishia na koki ya ndoo.

Kabla ya kujaza chupa kuna kipimo rahisi sana, kila mmoja wenu akijue. Chota glasi mbili, zifunike, moja iweke kwenye maji ya moto kama nyuzi 60 mpaka 70 kwa dakika 20, nyingine iache, kisha poza ile ya moto mpaka zilingane unuse zote. Ikinuka siagi ile iliyopashwa tu, bia haijaiva, subiri.

Plasta ni habari ya klorini. Maji ya bomba yametiwa klorini, au mtu kasafisha ndoo kwa jiki hakusuuza vizuri, ile klorini inakutana na vitu vya kwenye kimea na chachu inatoka harufu ya hospitali, na kinachohitajika ni kidogo mno. Haitoki tena hata ukisubiri mwaka. Mwambie jamaa maji ayachote jioni ayaache wazi mpaka asubuhi au ayachemshe kwanza, na jiki aachane nayo.

Kuhusu kama ni wewe tu, kuna watu hawaisikii kabisa diasetili hata ukiwawekea puani, wamezaliwa hivyo, kwa hiyo usiamue peke yako. Kila mtu aandike kwenye karatasi kabla hajafungua mdomo. Kwetu hapa hili ni muhimu kuliko hata glasi safi, maana Mjomba akisema "tamu" nani atambishia? Mkishaandika, wadogo wasome kwanza, wakubwa wamalizie. Na mkibishana bia mbili ni tofauti au la, mimina glasi tatu, mbili za bia moja na moja ya nyingine, mtu atafute iliyo tofauti bila kuambiwa. Rudieni mara kadhaa, kwa sababu kwa kubahatisha tu atapata mara moja kati ya tatu.

Na msionje bia ya baridi ile ya kukata meno, baridi inaficha kasoro. Itoe kwenye friji ikae dakika 15 hivi, isiwe ya baridi kabisa wala ya moto. Glasi jaza theluthi tu, nusa kabla ya kunywa. Sato wa kukaanga asubiri mpaka mmalize, mafuta yanaua povu na ulimi unaziba. Na msikae na glasi juani kule ufukweni, mwanga unaharibu hopsi, yale maua yanayotia bia uchungu, bia inaanza kunuka kama kicheche ndani ya dakika chache halafu mnamlaumu mtengenezaji bure.

Maksi mimi sizipendi kwenye kikundi kidogo. Majaji wa BJCP, ule mpango wa Marekani wa kuandaa majaji wa bia, wanatumia maksi 50, harufu 12 na ladha 20 wakati mwonekano ni 3 tu, kwa hiyo angalau jifunzeni hapo kutomaliza nusu saa kwenye rangi.

Kumwambia Mjomba, kwanza muulize alikusudia nini. Uchachu kwenye busa, ile pombe ya kienyeji, ndio wenyewe, kwenye lager ni kasoro, na usipouliza utamhukumu kwa aina ya bia ambayo hakuikusudia. Halafu sema ulichosikia, usiseme alichokosea. "Mjomba, shikamoo, kwenye hii nimesikia siagi kidogo, wewe unaisikia?" Umwachie glasi anuse. Akisema ndiyo, muulize ilikaa siku ngapi kwenye ndoo, na hapo mara nyingi mtu anajijibu mwenyewe, siku tano, ahaa. Akisema haisikii usibishane naye, mwombe tu ndoo ijayo mfanye wote kile kipimo cha glasi mbili. Na kama kuna kitu kizuri kitaje kwa jina, "kimea kinanukia mkate", maana "iko poa" haimwambii arudie nini.

Yule wa plasta mvute pembeni leo leo, hiyo usingoje mwisho wa mwezi, pengine ameshapika nyingine kwa maji yale yale.