Mwalimu haanzii hapo

Swali lenu la wiki hii ni hili: mtoto wa darasa la tatu anatakiwa ajue nini, na afanye nini? Mimi naanza na kusoma, na nitakaa hapo kwa muda, maana mengine yote yanasimama juu yake.

Darasa la kwanza na la pili kazi kubwa ni KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Akivuka hapo, mtoto wa miaka minane au tisa anakutana na Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi, Jiografia na Mazingira, Historia ya Tanzania na Maadili, Sanaa na Michezo, na somo la dini yake. Ndio mtaala ulioanza kutumika Januari 2024. Kila somo lina kitabu, na vitabu vyote vimeandikwa kwa mtoto anayejua kusoma. Asiyejua haangukii kwenye Kiswahili peke yake. Anaanguka hata kwenye Sayansi aliyoielewa vizuri mwalimu alipoeleza, kwa sababu swali lenyewe limemshinda kusoma.

Huku kwetu Tanga watoto wetu wana vichwa vyepesi kuhifadhi. Jioni pita karibu na chuo chochote cha Kurani hapa Makorora, utasikia mtoto wa umri huo anashuka na sura za Juzuu Amma bila kukwama. Ni jambo la kujivunia. Lakini wepesi huohuo unaweza kutuficha hali yake ya shule. Karibuni mpwa wangu alinisomea ukurasa mzima wa kitabu cha Kiswahili, sauti juu, hakukosea hata neno. Nikaona kidole kiko mstari wa pili, mdomo umeshafika wa nne. Nikafunika mistari ya juu kwa kiganja, nikamwambia aanzie katikati. Akanyamaza, kisha akaniambia, "Mjomba, mwalimu haanzii hapo." Neno la kwanza pale lilikuwa "mkulima". Alilihangaikia silabi moja moja mpaka jasho likamtoka.

Hakuwa anadanganya. Darasa zima huusoma ukurasa ule kwa pamoja, naye ameushika kwa masikio. Na mwalimu mwenye darasa lililofurika atampata wapi muda wa kumsikiliza kila mmoja peke yake?

Kwa hiyo mpeni mtoto kitu asichowahi kukiona, hata kipande cha gazeti kilichofungiwa maandazi. Asome, kisha aeleze kwa maneno yake kinasema nini. Akiweza hilo, mengine yatafuata: aandike imla na habari fupi yenye herufi kubwa na nukta mahali pake, na ajue kuzidisha kwa kichwa. Mtumeni dukani na noti ya elfu tano akanunue sukari na kiberiti, na chenji aipige yeye kabla muuzaji hajaitaja.

Nyumbani namtarajia afue soksi zake, apange mkoba wake kwa kufuata ratiba, aamkie wakubwa, afagie uwanja akipangiwa zamu. Inatosha. Tuisheni ya kila jioni siiungi mkono kabisa. Mtoto ametoka shule, ameenda chuo, bado apelekwe tena akakae kwenye benchi mpaka Magharibi? Nusu saa ya kusoma na mtu mzima aliyetulia itamfaa zaidi.

Wala tusijipe moyo kwamba muda bado upo. Mwaka unaofuata, darasa la nne, kuna upimaji wa kitaifa, na asiyefaulu hurudia darasa. Tena kwa mtaala huu elimu ya msingi ni miaka sita, kwa hiyo anayemaliza la tatu ameshafika nusu ya safari.

Najua wako wazazi na mabibi wanaolea wajukuu ambao wao wenyewe hawakusoma, na hujiona hawana la kufanya. Wanalo. Bibi amwambie mjukuu asome ukurasa ambao bado hawajaufikia darasani, amweleze habari yake. Kisha amwite mtoto wa jirani wa darasa la sita asome ukurasa huohuo, asikilize kama habari ni ile ile. Zikitofautiana, kesho yake asubuhi amwone mwalimu wa darasa, amwombe amsikilize mtoto akisoma peke yake, na aanzie katikati ya ukurasa.

Msomaji wenu,
Makorora, Tanga