Uvimbe chini ya sikio: nikipasuliwa mdomo utapinda?

SWALI: Habari dokta. Nina uvimbe mgumu chini ya sikio la kushoto, mwaka wa tatu huu, hauumi ila unakua mdogo mdogo. Mama mkwe anasema ni matubwitubwi nipake majivu, duka la dawa wamenipa antibayotiki mara mbili hamna kitu. Hospitali wanataka kunipasua na jirani kanitisha eti nikiguswa kisu mdomo utapinda na ugonjwa utasambaa. Nifanyeje? Msomaji, Morogoro

JIBU: Pole dada yangu. Matubwitubwi hayakai miaka mitatu bwana, yanakuja na homa yanaondoka, majivu achana nayo. Hapo kuna tezi kubwa ya mate, parotidi, na vivimbe vingi vya tezi za mate vinaanzia hapo hapo, ila kama 8 kati ya 10 vya hapo siyo kansa. Sasa usije ukakaa navyo kwa sababu hiyo, maana aina inayoongoza, pliomofiki adenoma, ukiilea miaka na miaka inaweza kugeuka kansa.

Kwanza upige altrasaundi, halafu kipimo cha sindano nyembamba, wanavuta seli wanaziangalia kwenye hadubini. Jirani asikutishe, sindano hiyo haisambazi ugonjwa. Mtu wa kumkimbia ni yule anayetaka kuutumbua kama jipu au kuukwangua wenyewe tu, kwa sababu una vijimizizi vimejipenyeza pembeni, vikibaki unarudi, tena unarudi vipunje vipunje kama mtama na kupasua mara ya pili ni kazi kwelikweli. Ndo maana wanautoa pamoja na nyama ya tezi inayouzunguka.

Mdomo sasa. Neva inayochezesha uso inapita katikati ya tezi hiyo na kugawanyika kama matawi ya mti, kwa hiyo daktari anaitafuta kwanza ndo anatoa uvimbe. Mdomo unaweza kulegea kidogo, kwa wengi unarudi baada ya wiki au miezi kadhaa. Ndewe la sikio linaweza kubaki na ganzi, na wengine baadaye wakila shavu linatoka jasho (utacheka lakini ni kweli).

Omba rufaa kwa bingwa wa upasuaji wa kinywa na uso au wa masikio, pua na koo, Muhimbili wapo, na muulize bila aibu ameshapasua parotidi ngapi. Ila mdomo ukianza kupinda wenyewe kabla hujapasuliwa, au uvimbe ukikua ghafla, ukianza kuuma, au matezi yakitokeza shingoni, usisubiri tarehe ya kliniki, nenda kesho yake asubuhi.