Vumbi la Dirishani

Tulipohamia nyumba ya kupanga hapa Buffalo, jimbo la New York, nilipenda madirisha yake kuliko kitu kingine. Ni nyumba ya mbao ya miaka ya 1920, madirisha mapana ya kusukuma juu. Rangi ilikuwa imebambuka, nikanunua msasa, nikakwangua fremu zote, kisha nikafagia. Mwanangu wa miezi kumi alikuwa akitambaa nyuma yangu.

Jimbo hili linataka kila mtoto apimwe madini ya risasi kwenye damu akifika mwaka 1, na tena akiwa na miaka 2. Wangu alikutwa na mikrogramu 11 kwa kila desilita ya damu. Hapa Marekani, kuanzia 3.5 mtoto huhesabiwa kuwa na risasi kupita kawaida, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Risasi hudhuru ubongo unaokua, na mtoto anaweza asionyeshe dalili yoyote. Wangu alikuwa anacheka na kula vizuri. Bila kile kipimo nisingejua.

Rangi za zamani zilikuwa na risasi, na nilidhani hatari ni mtoto kula magamba yake. Muuguzi aliyekuja nyumbani akapitisha kidole kwenye kizingiti cha dirisha, akanionyesha vumbi. Kila ukifungua dirisha, mbao zinasuguana na rangi ya zamani inasagika. Vumbi linatua sakafuni, mtoto analishika, mkono unaenda mdomoni. Msasa wangu ulikuwa umefanya kazi ya miaka mingi kwa siku mbili, na ufagio ukalitawanya nyumba nzima.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kama nyumba ilijengwa kabla ya 1978, mwaka rangi zenye risasi zilipopigwa marufuku majumbani hapa, usikwangue kitu. Mwenye nyumba anawajibika kisheria kukueleza anachojua kuhusu rangi ya risasi kabla hujasaini mkataba. Mwulize, na akupe kwa maandishi. Kazi ya kubandua rangi ni ya fundi mwenye cheti cha kazi hiyo. Wewe piga deki, futa vizingiti kwa kitambaa chenye maji, acha viatu mlangoni, mnawishe mtoto mikono kabla ya kula na kabla ya kulala. Mpe maziwa, maharage, dagaa: mwili wenye upungufu wa chuma na kalisi hufyonza risasi zaidi.

Na walio Tanzania au Kenya, msiangalie umri wa nyumba peke yake. Hata rangi mpya, ulizeni dukani kama haina risasi.

Madirisha yalibadilishwa. Kipimo cha mwisho kilikuwa 5, na tunarudi kliniki baada ya miezi mitatu.