Kutoa petroli kwenye tangi: kwa vijana mnaoanza gereji

Ukiingia gereji huku kwetu Zanzibar, iwe Mwanakwerekwe au Chake Chake, haupiti muda utaambiwa utoe mafuta kwenye tangi. Gari zetu nyingi ni kuukuu, na hewa ya chumvi inakula bati, basi tangi kutoboka si jambo la ajabu.

Cha kuogopa zaidi ni mvuke. Mvuke wa petroli hushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, seuze joto letu la Kaskazi. Nao ni mzito kuliko hewa: hutambaa chini na kujikusanya shimoni. Kwa hiyo gari isiwe juu ya shimo wala ndani ya banda. Itoeni nje penye upepo, mbali na anayechomea na mama anayekaanga mihogo. Injini ipoe, kisha fungueni waya hasi wa betri kabla ya kugusa chochote. Taa ya globu msiitie uvunguni. Ikipasuka, mvuke unashika moto.

Mafundi wakubwa watakwambieni mvute mpira kwa mdomo. Kataeni kwa adabu. Petroli kidogo tu ikiingia mapafuni inayaunguza, na aliyemeza asitapishwe, akimbizwe hospitali. Pampu ya mkono ipo, tumieni. Gari nyingine zina kizuizi kwenye shingo ya tangi, mpira haupiti, msilazimishe. Tafuteni mfuniko wa pampu ya petroli ya gari chini ya kiti cha nyuma, na milango yote iwe wazi.

Dumu liwe la kuwekea petroli, likae ardhini, si juu ya zulia la buti, maana mafuta yakitiririka huzaa umeme, na juu ya zulia hauna pa kupotelea, unaweza kutoa cheche. Msilijaze pomoni.

Sasa tangi tupu, hapa ndipo watu huzembea. Lililojaa lina nafuu. Tupu lina mvuke uliochanganyika na hewa, na hilo hulipuka. Mteja mwenye haraka atasema, "Limeshakauka hilo, fundi, chomea tu." Msichomee. Kuliosha kwa maji na sabuni mara moja hakutoshi. Mwambieni anunue jengine.

Petroli iliyoingia maji msiimwage mtaroni. Mwamba wa Unguja ni wa matumbawe, unapitisha, na maji tunayokunywa yanatoka chini humo humo.