Sheria chache au nyingi? Uliza kwanza nani atazibeba

Mtu akitaka kuanzisha meza ya Dungeons & Dragons, (kwa kifupi D&D), mchezo wa mezani ambao kila mtu anaigiza mhusika wake na dadu huamua matokeo, swali lake la kwanza huwa ni kitabu cha sheria: tuchukue kile kinene chenye kila kitu, au tuanze na mchezo wa kurasa chache? Mimi humuuliza kwanza watakaokaa mezani ni akina nani. Kuna sheria zinazomwelemea mchezaji, na kuna zinazomwelemea DM, yaani yule anayesimulia hadithi na kuendesha mazimwi. Mzigo ukimwangukia asiyeuweza, watu wataanza kutoa udhuru wa kutokuja, hata kama kitabu chenyewe ni kizuri.

Ubishi huu una umri karibu sawa na mchezo. Gary Gygax na Dave Arneson walitoa D&D nchini Marekani mwaka 1974, na mwaka uliofuata Ken St. Andre akatoa Tunnels & Trolls, mchezo mwepesi zaidi unaotumia dadu za kawaida za pande sita. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 70, TSR, kampuni iliyochapisha mchezo huo, yenyewe ilikuwa inauza D&D za aina mbili: moja ya wanaoanza, nyingine, Advanced, ya waliokwisha kukolea. Kitabu cha wachezaji cha Advanced cha mwaka 1978 kilikuwa na jedwali la kuongeza au kupunguza alama kwa kila silaha dhidi ya kila daraja la kinga ya mwili. Shoka lina namba zake, rungu lina zake. Meza nyingi zililiruka jedwali hilo, na ukilitazama unaelewa kwa nini. Ukishakuwa na shoka lako mkononi, hakuna jipya la kuamua pale. Kuna hesabu tu.

Kipimo changu ni hicho. Sheria ikimpa mchezaji jambo la kuchagua, naivumilia hata iwe ndefu. Ikimpa kazi ya kujumlisha tu, naitoa.

Tazama suala la kumkaba adui katika D&D 3.5, toleo la mwaka 2003. Mchezaji anasema, “Nalirukia zimwi, nalikaba.” Kwanza zimwi linapata nafasi ya kumpiga, na pigo likimjeruhi, kukaba kumeishia hapo. Akinusurika, anarusha dadu ya pande 20 kuona kama amelifikia. Akilifikia, wote wawili wanarusha tena kushindana, na hapo inajumlishwa hesabu ya uwezo wa kushambulia, ya nguvu na ya ukubwa wa mwili, ambapo zimwi linaongezewa 4 kwa kuwa ni kubwa kuliko binadamu. Akishinda, anaingia kwenye nafasi ya zimwi, na maadui wengine waliopo karibu wanaweza kumchapa akiwa anasogea. Na bado hajalibana chini! Hilo lina mrusho wake. Mara nyingi wawili wakiwa wanapekua kitabu, wengine wote mezani wameshahamia kwenye simu zao.

Toleo la tano la mchezo huo, la mwaka 2014, linamaliza kazi hiyohiyo kwa shindano moja la dadu; ukishinda, adui hasogei. Toleo hilo pia lilifagia utitiri wa nyongeza ndogondogo, mbili za kumzingira adui, moja ya kusimama mahali pa juu kuliko yeye, na badala yake ukiwa na nafasi nzuri unarusha dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa. Aliyehitaji 11 au zaidi kwenye dadu ya pande 20, uwezekano wake wa kupata unatoka asilimia 50 hadi 75, na hakuna aliyejumlisha chochote.

Cairn, kijitabu kinachopatikana bure mtandaoni, kinakwenda mbali zaidi: ukishambulia, umepiga. Unarusha dadu ya silaha, unatoa kinga ya adui, basi. Ukiwa hatarini unarusha dadu ya pande 20 ukitafuta namba isiyozidi uwezo wako. Mgeni anatengeneza mhusika wake na kuanza kucheza kabla chai haijapoa.

Kwa hiyo wepesi ndio jibu? Hapa natofautiana na wenzangu wengi wanaohubiri sheria chache. Kitabu kikinyamaza, lazima kuwe na mtu wa kusema, na kwenye meza zetu anayesema huwa ni yule mwenye mdomo. Weka mezani DM ambaye ni kaka mkubwa, mchezaji mmoja mwanasheria wa kijiweni, na binti mgeni ambaye hajazoea kubishana na waliomzidi umri. Kwenye mchezo mwepesi, mwanasheria ataeleza kwa dakika nzima kwa nini upanga wake unastahili kupenya, na atakubaliwa. Binti atasema “nampiga kwa nyuma” kwa sauti ya chini, aambiwe arushe kama kawaida.

Kwenye toleo la tano, binti huyo akicheza mwizi, haki yake imeandikwa. Mwenzake akiwa ndani ya futi 5 za adui, pigo la mwizi likimpata adui huyo linaongezewa dadu ya pande sita, mara moja kwa zamu. Haombi, hasihi. Nimeona wachezaji wakimya wakikaa vizuri kitini kwa sababu ya mstari mmoja kama huo wanaoweza kuuwekea kidole.

DM naye ana lake. Wahusika wamefika kwenye korongo: mpiganaji anaweza kuruka umbali gani? Toleo la tano linajibu: akikimbia kwanza futi 10, anaruka futi sawa na alama yake ya Nguvu, hivyo mwenye 14 anaruka 14. Kwenye mchezo mwepesi utaamua wewe, papo hapo, na wiki ijayo watakukumbusha ulivyoamua. Ukichagua wepesi, nunua daftari uandike kila uamuzi unaoutoa.

Ushauri wangu kwa meza mpya, hasa ya jioni ambapo saa tatu kila mtu anawaza usafiri: anzeni na Cairn kwa kisa kimoja kifupi. Kama watu wanaanza kulalamika kwamba wahusika wote wanafanana wakipigana, hapo wana njaa ya sheria, wapeni. Msingi wa sheria za toleo la tano uko bure kwa leseni ya Creative Commons tangu Januari 2023. Unazidi kurasa 400, kwa hiyo usiupeleke wote steshenari. Chapa kurasa za aina ya mhusika wa kila mtu tu. Dadu ya pande 20 ikikosekana, programu ya simu inatosha.

Tena, si lazima uzito ugawanywe sawa. Asiyependa kusoma mpe mpiganaji wa njia ya Champion, ambaye kuanzia ngazi ya tatu faida yake kubwa ni kwamba 19 na 20 zote ni pigo kali, yaani pigo linaloongezewa dadu za madhara. Uchawi mpe anayefurahia vitabu. Mchawi wa ngazi ya kwanza ana vitu vitatu vya kutofautisha: maneno ya uchawi yaliyomo kitabuni mwake, aliyoyaandaa leo, na mara ngapi anaweza kuyatumia. Mwandikie hayo kwenye kipande cha karatasi, kila kimoja na mstari wake, na umwambie ajiandae wakati mwenzake yuko kwenye zamu.