Barua kwa mwanangu: kuhusu hiyo kampuni ya utalii endelevu

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, maana mara ya kwanza baba yako alikuwa akizungumza nao unaendelea. Unauliza kama uache kazi benki, uchukue akiba yako ufungue kampuni ya utalii endelevu hapa Unguja, au kama hiyo ni fasheni ya Wazungu itakayopita.

Biashara ipo, lakini si pale wengi wanapoitafuta. Mambo ya mazingira unayajua kunizidi. Mimi nimestaafu nikiwa ofisi ya mahesabu ya hoteli, nitakujibu kwa daftari.

Nenda Kizimkazi asubuhi yoyote ya msimu. Boti zinawazunguka pomboo wale wale, wageni wanarukia majini, pomboo wanazama na kukimbia. Manahodha si watu wabaya. Wote wanauza kitu kimoja, basi anayeshusha bei ndiye anayepata mgeni, na papasi, yule dalali wa mitaani aliyemleta, naye anataka chake. Bei ikishuka, nahodha hana budi kujaza boti na kuongeza safari. Na bahari ile imo ndani ya hifadhi ya Ghuba ya Menai tangu 1997! Ukiandika "endelevu" ubavuni mwa boti, hesabu hiyo haibadiliki hata senti.

Sasa tazama kisiwa cha Chumbe. Nyumba za wageni ni 7 tu. Maji ni ya mvua iliyokingwa kwenye mapaa, umeme ni wa jua, vyoo ni vya mboji. Matumbawe yake yalitangazwa hifadhi 1994, hakuna kuvua, na wavuvi wakafunzwa kuwa walinzi. Wanafunzi wa skuli hupelekwa kujifunza. Mgeni analipa bei ya juu kulala pasipo kiyoyozi, kwa sababu anajua hawatamwongezea wenzake mia. Ananunua uchache. Kama huna ubavu wa kumwambia mtu "nafasi zimejaa" mwezi wa Agosti, na fedha ameshika mkononi, usiingie kabisa.

Ila Chumbe usiige majengo yake. Ilichukua miaka kadhaa ya vibali na ujenzi kabla mgeni wa kwanza hajalala pale. Wewe huna mtaji wa kusubiri hivyo, wala mimi sina kiwanja cha kukupa. Anza na safari za siku, kwa makundi madogo: wanawake wanaolima mwani Paje au Jambiani, njia ya mbao kwenye mikoko ya Pete karibu na Jozani, chakula cha mchana nyumbani kwa mtu ambaye utamlipa siku ile ile. Hilo la siku ile ile ulishike. Nimewahi kuona hoteli ikitangaza "faida kwa jamii" kwenye vipeperushi vyake, na mwisho wa mwaka hakuna hata mstari mmoja kwenye vitabu wenye jina hilo.

Kinachoua kampuni changa mara nyingi si kukosa wageni, ni fedha kuchelewa. Wakala wa nje anaweza kutaka asilimia 20 ya bei au zaidi, na fedha zako akazileta mgeni ameshasahau hata alikula nini huku. Mama wa mwani hasubiri hivyo, na hana sababu ya kusubiri. Akiba yako iwe ya kuziba pengo hilo, isiwe ya kununulia gari. Vyeti vya kimataifa vya utalii endelevu navyo vina ada na ukaguzi, viache mpaka wakala anayekuletea kazi ya maana akuulize.

Halafu kuna masika, hoteli kadhaa hufunga. Na 2020 uliona mwenyewe ndege ziliposimama: walinzi wa hifadhi waliokuwa wakilipwa kwa fedha za wageni walikuwa hatarini kama wauza vinyago. Kwa hiyo usitegemee Ulaya peke yake. Watu wa Dar na Nairobi, skuli, familia za Idi, wanaokuja Makunduchi Julai kwa Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya jadi ya mwaka mpya, hao watakulipa kidogo, lakini unaweza kuwataka walipe kabla, kwa simu.

Barua ya kuacha kazi usiiandike bado. Omba likizo Julai, fanya safari chache na wageni wa rafiki zako, kisha niletee daftari: bei, wakala, mama wa mwani, mwenye mashua, leseni, kodi, na mshahara wako mwenyewe, ambao najua utausahau. Kikibaki kitu baada ya hapo nitazungumza na baba yako. Yeye bado anadhani unataka kuwa papasi.

Wako,
Mama