Mashine ya gemu iliyonifundisha kugawa kazi

Juzi msomaji ameniandikia: "Kaka, kompyuta yangu ina viini vinane vya kupiga hesabu. Nimeandika programu ya nyuzi nane, yaani kazi nane za wakati mmoja, inakwenda polepole kuliko ya uzi mmoja. Nimekosea wapi?" Nikakumbuka mwaka 2009.

Nilinunua PlayStation 3 iliyotumika, ile nene ya mwanzo, kwa kijana aliyekuwa anafunga kibanda chake cha gemu. Mhadhiri wangu mmoja akasema mbele ya darasa zima kwamba hicho ni kitu cha watoto. Bado linaniuma. Enzi hizo mashine ile ilikubali Linux, mfumo huria wa kuendesha kompyuta, na ndani kuna prosesa ya Cell: kiini kikuu kimoja na visaidizi vinane. Kimoja kimezimwa tangu kiwandani, kingine kinashikwa na mfumo. Unabaki na sita.

Nikaandika programu ya kuzidisha matriki, yaani majedwali ya namba. Visaidizi sita vikashindwa na kiini kikuu peke yake! Kila kisaidizi kina memori yake ya kilobaiti 256 tu, programu na data humohumo, na cha memori kuu hakipati mpaka kiagize kiletewe. Mimi nilikuwa naagiza vijipande vidogovidogo, kama fundi anayemtuma kibarua dukani kwa msumari mmoja mmoja. Wiki tatu zilipita hivyo.

Kisha nikakata matriki vipande vya 64 kwa 64. Kila kipande kikawa kilobaiti 16 kamili, ndio mzigo mkubwa kabisa wa safari moja. Nikatenga nafasi mbili: kipande hiki kinapigiwa hesabu, kile kiko njiani. Saa nane usiku nilimwamsha mdogo wangu aje aone. Hakuelewa kitu, ila alinipigia makofi.

Mwaka uliofuata Jeshi la Anga la Marekani likaunganisha PlayStation 3 zaidi ya 1,700 kuwa kompyuta moja kubwa. Habari ile niliibandika ukutani.

Leo usiitafute mashine ile. Toleo la 3.21 la programu ya mashine hiyo, la Aprili 2010, liliondoa Linux. Tumia hiyo uliyonayo, acha kusubiri seva ya mamilioni. Nyuzi zako zinaandika kwenye safu moja ya data? Basi huenda zinanyang'anyana mstari uleule wa kashe, ile memori ndogo ya haraka iliyo karibu na viini. Upe kila uzi kipande chake na jumla yake, zikutane mwisho tu. Pima uzi mmoja, halafu nyuzi mbili, halafu nne, na uandike muda wa kila kipimo kwenye daftari.

Nitumie namba hizo Jumapili, tuziangalie pamoja.